Msichana Asiyekuwapo

Siku ya tisa ya tangazo, Celestine Nafuna aliingia kazini akiimba. Tangu alipovuka mpaka wa Busia kutoka Kenya, miaka minne nyuma, kuja kutafuta maisha Kampala, hakuwa amewahi kufanya kazi iliyozungumzwa namna hii. Kwenye foleni ya magari ya Ntinda, saluni, hata kanisani baada ya misa, watu waliulizana jambo moja tu: yule msichana amepatikana?

Msichana mwenyewe alikuwa juu ya mabango kumi na manane mjini kote. Alionekana kama mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi, kichwa kimenyolewa kama wanavyonyolewa wanafunzi, macho makubwa, midomo ameibana kama mtu anayejizuia kulia. Chini yake kulikuwa na maneno machache: NIMEPOTEA. NISAIDIENI NIRUDI NYUMBANI. Kisha nambari ya simu. Basi. Hakukuwa na jina la kampuni wala picha ya bidhaa.

Jumatatu iliyokuwa inakuja mabango yangebadilishwa. Msichana yule yule angeonekana anacheka mbele ya sahani ya kuku wa kukaanga, na maneno mapya: NIMERUDI. NIMEFUATA HARUFU YA NYUMBANI. Pembeni yake chupa ya mafuta ya kupikia ya Shibe. Watu wangecheka, wangepumua, wangenunua mafuta. Wazo lilikuwa la Celestine. Siku alipolitoa, mkurugenzi wa kampuni yao ya matangazo, Bwana Okullo, alisimama akampigia makofi peke yake.

Saa nne asubuhi hiyo, msichana wa mapokezi alichungulia mlangoni.

"Kuna mama anakutafuta. Nimemwambia akae, hataki kukaa."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amejitanda gurbaba la rangi ya machungwa kama wanavyovaa mama wa Kinubi, mkoba wa plastiki ameukumbatia kifuani. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi.

"Mimi naitwa Kulusum," alisema kwa Kiswahili. "Natoka Makindye, nyuma ya kambi ya jeshi. Wale vijana wanapanda bango pale Kansanga wamenionyesha hapa. Wamesema nyinyi ndio mliweka mtoto yangu kule juu."

Celestine alidhani hakusikia vizuri. "Karibu, mama. Keti kwanza."

"Sikai. Nipeleke kwake."

"Kwa nani, mama?"

"Kwa Sumayiya."

Akaufungua mkoba, akatoa picha iliyotiwa ndani ya karatasi ya nailoni. Ilikuwa ya mtoto wa kike wa miaka minane, amevaa gauni la Idi, anatazama kamera kwa mashaka. Celestine aliichukua akiwa tayari na maneno ya kumtuliza mama wa watu. Maneno yakamwishia kinywani. Paji la uso lilikuwa lile lile. Macho yalikuwa yale yale, yameachana kidogo. Hata ile namna ya kubana midomo. Kama si yeye mwenyewe kukaa na mchoraji wao siku ile sura ya bango ilipotengenezwa, angeapa kwamba ni yule yule.

"Alipotea lini?"

"Miaka tano sasa. Siku moja kabla ya Idi. Tulikuwa Kansanga sokoni, nimeshika mkono yake. Nimeachia nichague vitunguu. Vitunguu tu." Aliukaza mkoba kifuani. "Sasa ako na kumi na tatu. Amekuwa mkubwa, lakini mama hasahau. Nipeleke."

Celestine akampeleka kwa Latif.

Latif ndiye aliyekuwa mchoraji wa ofisi, kijana mpole wa Kinubi kutoka Bombo, na alipomwona mama wa kwao aliinuka akamwamkia kwa lugha yao. Celestine alimweleza kwa sauti ya chini. Latif akasawijika. Hakuweza kumtazama yule mama, kwa hiyo alifanya alichokijua: aligeukia kompyuta ili amwonyeshe, aone kwa macho yake, asidhani wanamdanganya.

"Mama, huyu hatukumpiga picha. Mashine imemtengeneza. Mimi niliandika maneno: msichana, mnyonge, mwenye sura ambayo kila mtu atadhani anaijua. Tazama."

Akabonyeza. Msichana akacheka. Akabonyeza tena, akaota nywele. Akabonyeza mara ya tatu, uso ukayeyuka na mwingine ukaja mahali pake, mtoto tofauti kabisa, kisha mwingine, kisha mwingine.

Mama Kulusum alipiga ukelele uliowatoa watu wote kwenye viti vyao. Alilivua gurbaba lake begani akalitupa juu ya kioo cha kompyuta, akakifunika kwa mikono miwili.

"Zima! Zima, mwanangu! Unamfanya nini?"

Latif alizima. Ofisi nzima ilikuwa imesimama, watu wameshika vikombe vyao vya chai kama masanamu.

Mama yule aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini.

"Kwa hiyo huyu ni nani?"

"Si mtu, mama," alijibu Celestine. "Hayupo."

"Hayupo."

"Ni tangazo. La mafuta ya kupikia."

Mama Kulusum alijitanda tena, akaichukua picha yake, akaanza kuirudisha kwenye nailoni, polepole, akiinyoosha pembe.

"Mimi nilichapa karatasi ya Sumayiya, nikabandika mwenyewe kwenye nguzo, kutoka Makindye mpaka Kansanga. Siku ya pili zote zilikuwa zimebanduliwa. Nikauliza, wakasema sina ruhusa, nachafua mji. Mtoto yangu alikaa kwenye nguzo siku moja. Huyu hayupo, na mmempa barabara zote."

Alifika mlangoni, akasimama.

"Na ile sauti kwenye simu? Nimepiga, mtoto akaniambia nimsubiri. Anakuja. Hiyo pia ni mashine?"

Ile sauti ilikuwa ya mtoto wa dada yake Celestine. Alimrekodi mwenyewe, wakicheka, akamnunulia aiskrimu: Asante kwa kunipigia. Nakuja nyumbani. Nisubirini.

"Ni ya mtoto mwingine, mama. Nisamehe."

"Na yale maneno mimi nimemwambia? Yalienda wapi?"

Swali hilo lilimgonga Celestine kuliko yote. Hakujua. Baada ya ile sauti, simu ilitoa mlio kisha ikarekodi, kwa kuwa ndivyo mitambo ilivyopangwa. Kila asubuhi Bwana Okullo aliomba idadi ya waliopiga, akaipeleka kwa wenye mafuta. Maneno yao hakuna aliyewahi kuyasikiliza.

Alichukua nambari ya Mama Kulusum, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi. Akajifungia kwenye chumba cha mikutano, akavaa spika za masikioni, akafungua faili.

Simu zilikuwa elfu moja na zaidi.

Nyingine zilikuwa kimya, mtu anapumua tu. Nyingine watoto wanachekacheka. Kisha akaja mzee mmoja aliyezungumza Kiganda, anamuuliza msichana kama amekula. Mwanamke akalia mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Mwanamume akasema, "Mwanangu, kama ni wewe, mimi sikasiriki tena. Njoo tu." Mwingine akataja jina ambalo si la Sumayiya wala la mtu yeyote ambaye Celestine alimjua. Kisha mwingine, na jina jingine. Celestine alikuwa ameagiza sura ambayo kila mtu atadhani anaijua. Sasa aliwasikia, mmoja baada ya mmoja, wale walioijua.

Mama Kulusum alikuwa amepiga mara thelathini na moja. Katika simu ya kumi alimwambia mtoto kwamba baba yake alifariki mwaka uliopita, asije akafika na kumuulizia mlangoni mbele ya watu.

Saa nane mchana alifika kwenye simu ya Jumamosi iliyopita. Mwanamume, kelele nyuma yake: "Yule mtoto wa bango tumemwona, yuko na mzee mmoja, njooni haraka." Dakika arobaini baadaye, nambari ile ile: "Tumemkamata yule mzee. Watu wamempiga kidogo. Amesema ni mjukuu wake, na mtoto pia anasema ni babu yake. Tumemwachia. Lakini damu imemtoka sana. Nyinyi mko wapi? Mbona hamshiki simu?"

Celestine alizivua spika zile akaziweka mezani kama kitu cha moto. Alikwenda chooni akanawa uso, akarudi kukaa. Alikuwa hajamaliza.

Aliporudi kwenye simu za siku ya kwanza, alizokuwa ameziruka, alimkuta mwanamke aliyezungumza bila haraka. "Mimi ni Lakot, nashona nguo Kansanga. Nina mtoto hapa. Si huyu wa picha, huyu ni mdogo, kama miaka mitano. Nilimkuta stendi ya mabasi analia, niko naye tangu mwezi wa pili. Polisi kituoni waliandika, wakaniambia nikae naye wakitafuta. Anajua jina lake tu, Aol. Sasa nimeona nyinyi mnashughulika na watoto waliopotea. Tafadhali njooni." Ujumbe huo ulikuwa na siku nane.

Bwana Okullo alimsikiliza Celestine mpaka mwisho, na kusema kweli uso wake ulibadilika. Hakuwa mtu mbaya. Wengi wa wafanyakazi wake hawakuwa na kitu alipowaajiri, na aliwatendea kama ndugu. Alitembea mpaka dirishani, akasimama huko.

"Huyo mzee, tutamtafuta, tutamtibu," alisema. "Yule mama, tutaona namna. Lakini Jumatatu inabaki Jumatatu, Celestine. Mabango yameshachapwa."

"Utamweka anacheka mbele ya kuku? Mama Kulusum atapita pale Kansanga amwone anacheka?"

"Tangazo halikumpoteza mtoto wake."

"Hapana. Lilimwambia amepatikana."

"Watu elfu moja wamepiga!" Okullo aligeuka. "Unajua ni nani anapata hivyo mji huu? Kesho mwenye kampuni ya mafuta anakuja hapa kuyaona mafanikio yako. Yako, wewe. Lala, upumzike, uje umweleze."

Kesho yake, Ijumaa, mwenye kampuni alikuja. Aliitwa Hajati Rukiah, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyeanza kwa kukamua alizeti nyumbani kwake. Alikaa mbele ya skrini, akapewa chai. Bwana Okullo akaeleza kidogo, kisha akampisha Celestine.

Celestine alikuwa ameandaa michoro na idadi. Alisimama nayo mkononi. Kisha akaiweka chini, akaunganisha simu yake na spika kubwa.

"Hajati, hawa ndio waliopiga," akasema.

Wakamsikia mzee anayeuliza kama mtoto amekula. Wakamsikia Mama Kulusum anavyomwambia bintiye habari za baba yake. Bwana Okullo akanyoosha mkono kuzima.

"Acha," akasema Hajati Rukiah.

Wakasikia habari ya babu aliyepigwa. Sauti iliposema damu imemtoka sana, Hajati aliweka kikombe chini, kikagongana na sahani, chai ikamwagika mezani, na hakuna aliyeipangusa.

"Wazo hili lilikuwa la nani?"

Bwana Okullo alitazama sakafu.

"Langu," alisema Celestine.

"Na mimi nikalitia sahihi," alisema Hajati. "Mliniletea karatasi, nikauliza swali moja tu: mafuta yataonekana vizuri?" Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Toeni. Leo. Sitaki kumwona anacheka."

"Hajati, nafasi zimeshalipiwa wiki tatu nyingine," alisema Okullo. "Zitabaki tupu."

Hapo ndipo Celestine alipomweleza habari za Lakot na mtoto wa stendi, akaomba nafasi hizo wapewe watoto waliopotea kweli.

Mchana ule walikwenda Kansanga, yeye na Mama Kulusum. Celestine alikuwa amemwambia wazi kwenye simu kwamba huyu mtoto ni mdogo, hawezi kuwa Sumayiya, asije akaumia bure. Mama Kulusum alisema ameelewa. Hata hivyo walipoingia kibandani kwa Lakot, na mtoto akageuka kutoka chini ya meza ya cherehani, Celestine alimwona yule mama akishika nguzo.

Alikuwa mtoto mweusi wa kung'aa, meno ya mbele yamemtoka. Hakufanana na Sumayiya hata kwa mbali. Mama Kulusum alichuchumaa mbele yake, akatoa mkobani mkate mwembamba wa gurusa, ule anaoupika na kuuza, akaumega.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama," alisema Aol.

"Wote wanaitwa hivyo," alisema Mama Kulusum, na kwa mara ya kwanza akalia.

Yule msichana wa mashine alishushwa Ijumaa ile ile, na Jumatatu mabango yakawekwa picha nyingine. Tisa zilikuwa za Aol, na tisa za Sumayiya. Safari hii Lakot aliulizwa kwanza, na kituo cha polisi kilichoandika habari za mtoto kikatoa nambari yake ya jalada. Simu ilipigwa kwa mtu, si kwa mashine: Celestine na Latif walipokezana.

Lakini kabla ya hapo palitokea mambo mawili.

Kwanza, kampuni ya mafuta ilituma ujumbe kwamba jina la Shibe liwekwe chini, kwa herufi ndogo. Celestine alikasirika mpaka akaogopa sauti yake mwenyewe. Walikuwa hawajajifunza kitu! Mama Kulusum, aliyekuwa amekuja kuleta picha, alimsikiliza akibwata, kisha akasema:

"Wacha waweke."

"Mama, wanauza mafuta kwa uso wa mtoto wako."

"Wauze. Mtu akitazama mafuta akamwona Sumayiya, shida iko wapi? Mimi mafuta haikuniumiza. Mimi uongo ndio imeniumiza."

La pili ni kwamba aliomba kitu ambacho hawakukitegemea. Alivuta kiti akakaa karibu na Latif.

"Ile mashine yako. Inaweza kumkuza mtu? Awe na miaka kumi na tatu?"

Latif alimtazama Celestine. "Inaweza kujaribu, mama," alisema Latif. "Inakisia tu. Lakini tutaandika kwamba ni makisio."

"Mkuze."

Latif aliiweka picha ya Idi, akaandika umri, akabonyeza. Walisubiri wote watatu. Uso ukarefuka. Mashavu yakapungua, kidevu kikachongoka, pua ikawa pua ya mama yake. Alikuwa msichana mzuri. Na hakufanana kabisa na yule wa bango. Hakuna aliyeweza kuwachanganya, hata akiwa amesimama mbali.

Siku hizo zote Celestine alikuwa amejiambia kwamba walau ule ufanano ulikuwa wa kweli, ajali ya mashine, mambo ya Mungu. Kumbe haukuwapo. Ulitoka kwa mama mwenyewe, na yeye Celestine alipoishika picha, mama akimtazama vile, ukamwambukiza.

Mama Kulusum aliinama karibu na kioo.

"Basi yule hakuwa yeye," alisema. "Na mimi nilisema mama hasahau." Akagusa kioo kwa kidole kimoja, kwenye kidevu. "Huyu weka kando ya ile ya Idi. Zote mbili."

Siku ya nne, mwashi mmoja aliyeitwa Otim, akiwa juu ya jengo jipya la ghorofa Ntinda, aliliona bango la Aol ng'ambo ya barabara. Alikuwa amemtafuta mtoto wa dada yake tangu mwezi wa pili, lakini alikuwa akiulizia kwenye stendi za kaskazini, kule mabasi yalikotoka. Alishuka mbio mpaka akaacha ndoo ya saruji inaning'inia. Alipiga nambari ya bango, akaelekezwa, akafika kwa Lakot na nguo zake za kazi, na Aol alipomwona alisema "Mjomba" kama mtu aliyeachana naye jana. Lakot alimfungia mtoto nguo zake kwenye furushi, akawasindikiza mpaka njia panda. Alirudi kibandani akakaa mbele ya cherehani bila kushona, mpaka jioni.

Babu aliyepigwa walimpata pia. Hajati alikwenda kwake mwenyewe. Alimkuta na mkono kwenye plasta, hataki msaada, hataki chochote. Alitaka tu waliompiga waambiwe hadharani kwamba lilikuwa tangazo. Likatangazwa redioni, kwa jina la kampuni.

Sumayiya hakupatikana. Simu zilikuja kwa wiki tatu, Celestine akazifuata zote, nyingine kwa boda, nyingine kwa miguu. Wasichana alioonyeshwa walikuwa na mama zao. Mabango yakaisha muda, yakachukuliwa na kampuni ya kamari.

Celestine alitaka kuacha kazi. Aliandika barua mara mbili. Mwishowe alibaki, kwa sharti kwamba kila mwezi bango moja liwe la mtoto aliyepotea, na Bwana Okullo akakubali upesi kuliko alivyotarajia. Celestine alielewa sababu miezi mitano baadaye, Okullo alipomwita ofisini akiwa na barua mkononi na uso unaong'aa. Alikuwa ameipeleka kazi ya Aol kwenye mashindano ya matangazo ya biashara ya nchi nzima, na imeshinda. Tangazo Lililoisaidia Jamii. Sherehe Jumamosi, hotelini, runinga zitakuwepo.

"Tumeshinda?" Celestine aliuliza. "Uliwaambia tulianzaje?"

"Niliwaambia tulivyomaliza."

Alitoka pale moja kwa moja hadi Makindye. Mama Kulusum alikuwa kwenye jiko lake la nje, anamimina uji wa unga kwenye kikaango, anautandaza kwa mkono mmoja. Celestine alimweleza yote akiwa amesimama, akasema hatakwenda, ni aibu, afadhali afe.

Mama Kulusum aligeuza gurusa.

"Watu watakuwa wengi?"

"Mamia, mama."

"Na runinga?"

"Ndiyo."

"Utasimama mbele, utapewa kipaza sauti?"

"Nadhani."

Mama Kulusum alifuta mikono kwenye gurbaba, akaingia ndani. Alirudi na ile nailoni yenye picha, akamwekea Celestine mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

"Basi nenda," alisema. "Waambie kwanza ile uongo. Yote. Halafu uwaonyeshe huyu, na usishuke haraka."

Jumamosi saa kumi na mbili jioni, jina lake lilipoitwa, Celestine alipanda jukwaani akiwa ameishika ile picha. Makofi yalikuwa mengi. Alisubiri yaishe.

"Sisi tulianza kwa kuwadanganya," alisema, na akaona uso wa Bwana Okullo kwenye meza ya mbele. Hakushuka; akaendelea.